Ukuta Juu ya Mfongo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Redio ilisema kimbunga kimepiga visiwa vya mbali huko baharini, mvua imemwagika kwenye milima yao na kushuka na nyumba za watu. Kwetu Kilimanjaro masika yalikuwa yameanza kwa kishindo.

Ilikuwa miaka ile ya biashara huria. Kijana mmoja, Elia, alikuwa amepata hela mjini Moshi, akazungushia kiwanja chake ukuta wa saruji. Ukuta ukaziba mahali ambapo mfongo wetu, ule mfereji wa kumwagilia migomba, humwaga korongoni maji yaliyozidi. Chini yake aliishi Mama Ndeshi, mjane, na ng'ombe wake mmoja.

Mzee Makundi, msimamizi wa mfongo, alimfuata Elia. "Vunja hapo, maji yapite."

Elia akacheka. "Shikamoo kwanza, meku, mzee wangu. Kimbunga ni cha watu wa visiwani. Hapa kuna bahari gani?"

"Marahaba. Na visiwa vile vina nini katikati? Milima! Upepo wenye maji ukigonga mlima unapanda, unapoa, unamwaga. Wewe umejenga wapi?"

Kwenye kikao cha mfongo wazee wengine wakasema tusimwaibishe kijana, ametoa mabati ya kanisa. Kikao kikaahirishwa.

Mvua haikuahirisha. Mfongo ulijaa, maji yakakosa pa kutokea, kingo zikapasuka juu ya nyumba ya Mama Ndeshi. Tulimtoa kwenye tope amekufa, kamba ya ng'ombe mkononi.

Msibani Elia alileta mchele na mbuzi. Watu wakamshukuru! Walimshukuru, mwanangu, sahani zikiwa mikononi. Mzee Makundi akasimama. "Kuleni. Mimi sili." Akachukua sururu iliyochimba kaburi, akaenda kuupiga ule ukuta.

"Meku, hiyo ni mali yangu!" Elia alipiga kelele.

"Na yule tuliyemfukia sasa hivi, alikuwa wa nani?"

Tukaweka sahani chini, tukamfuata. Kabla ya giza maji yalikuwa yakiingia korongoni.

Sasa nakuambia wazi. Kabla hujanunua saruji, uliza maji hupita wapi, kisha yapishe. Mtu akiyaziba, mkemee siku hiyo hiyo, awe ndugu au mfadhili. Kunyamaza mbele yake usikuite heshima. Ni woga, na woga huo una makaburi.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, nyumba imara na majirani wakali.