Utumishi Wangu Kwenye Spika, na Redio ya Mama Tume

Siku ya kwanza kazini niliripoti saa mbili asubuhi nikiwa na shati la shule lililotolewa beji, kwa sababu mama alisema kazini watu huenda nadhifu. Kibanda cha Fundi Ekiru kiko pale barabara ya Isiolo inapokunja kuelekea soko la mifugo: mabati, nguzo nne na ubao ulioandikwa REDIO ZA GARI ZOTE. Mwenyewe alikuwa ameingia chini ya dashibodi ya pikapu, kichwa chini, miguu nje. Nikasalimia viatu vyake mara tatu. Havikuitika. Nilipozungukia mlango wa pili na akaniona uso, ndipo alipozungumza.

"Wewe ndiye mtoto wa yule mama wa ofisi ya maji?"

"Ndiyo, mzee. Naitwa Koome."

"Shika tochi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nawaandikia ninyi wa kidato cha kwanza na cha pili, mnaodhani redio ya gari ni kubonyeza tu, mjue kazi hii ilivyofanywa enzi zetu. Nilitumikia likizo tatu mfululizo, na sasa nimestaafu. Niko kidato cha tatu. Umri umekwenda.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Tochi. Mshika tochi hamulikii anapotaka kuona yeye, humulikia anapotaka kuona fundi, na hilo lilinichukua siku nne kuelewa. Baada ya wiki mbili nilihamishiwa Fyuzi. Fyuzi ni kipande kidogo cha plastiki chenye uzi wa chuma ndani. Umeme ukizidi, uzi unakatika ili redio isiungue. Likizo ya pili nikapandishwa cheo hadi Testa, ile taa yenye ncha kama sindano ya kupimia kama waya una umeme. Hapo nilianza kutembea taratibu, mikono nyuma.

Wakubwa wangu walikuwa wawili. Fundi Mkuu alikuwa Ekiru mwenyewe, Mturkana mrefu mwenye sauti ya kuita mbuzi waliovuka mto. Naibu Fundi alikuwa Guyo, ambaye majukumu yake yalikuwa kuunga waya kwa risasi, ile madini laini inayoyeyushwa kwa moto, na kuagiza chai. La pili alilifanya kwa moyo zaidi.

Sasa utaratibu. Gari likija halina sauti, usifungue kitu. Tazama kwanza kama taa ya redio inawaka. Haiwaki, nenda kwa fyuzi. Inawaka lakini kimya, usikimbilie bisibisi, uliza.

"Gari haiwezi danganya," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Mwenyewe ndiye ataanza na uongo."

Swali letu la kwanza halimo katika kitabu chochote: "Ulipita msikiti?" Hapa kwetu madereva wengi, Waislamu na wasio Waislamu, hunyamazisha redio adhana ikianza. Ni heshima. Tatizo ni kwamba heshima ina kitufe, na kitufe husahaulika. Dereva mmoja wa gari la kaunti alitembea kimya wiki nzima, akaja kwetu akitaka kubadilishiwa spika zote. Nilibonyeza kitufe kimoja, redio ikafoka, naye akaniangalia kana kwamba nimemvua suruali.

Kama si kitufe, angalia kama sauti imesukumwa upande mmoja, yote mbele au yote nyuma. Kama si hilo, pima spika. Unachomoa nyaya zake mbili, unagusisha betri ndogo ya tochi, nayo spika iliyo nzima inasema "kra" na koni inaruka. Koni ni ile karatasi nyeusi inayotetemeka.

Hapa ndipo Fundi Mkuu alipokuwa na mtindo wake. Hakutega sikio kamwe. Aliweka kidole cha shahada juu ya koni, akafumba macho, akatoa hukumu. Mimi nilijaribu vivyo hivyo ili nionekane mjuzi, nikatoboa koni ya gari la mwalimu wetu wa hesabu. Mwalimu hajawahi kupata habari hiyo. Sasa amepata.

Likizo ya tatu, ile ya Agosti, akaja Mama Tume. Huyu ni mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia mjini, na huyafuata malishoni kwa Probox anayoendesha mwenyewe, viti vya nyuma vimeng'olewa ili mitungi ikae.

"Salaam aleikum. Fundi, redio yangu imenyamaza tangu jana. Na kesho naenda Korbesa kuleta mama yangu. Bila redio mimi nitalala kwa usukani, wallahi, na mtanichukua kwa mtaro na maziwa yangu."

"Ulipita msikiti?" nikamwuliza.

"Nimepita misikiti yote ya huu mji, na yote nikarudisha sauti. Usinifundishe, kijana."

Tukafuata utaratibu. Taa ilikuwa inawaka. Kitufe kilikuwa sawa. Sauti haikuwa imesukumwa popote. Spika zote mbili za nyuma, ambazo ndizo pekee alizokuwa nazo, zilisema "kra" kwa betri na kuruka. Fundi Mkuu akarudisha nyaya, akaniambia niwashe na niongeze hadi mwisho. Akaweka kidole kwenye koni ya kushoto, kisha ya kulia. Akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida.

"Spika nzima," akasema. "Redio ndiyo imekufa. Ile sehemu ya ndani ya kusukuma sauti imeungua. Tafuta ingine."

"Imekufa aje na inalia?" Mama Tume akaingiza kichwa dirishani. "Sikiza. Kidogo, kama nyuki amefungwa ndani ya kopo."

Alikuwa anasema kweli. Hata mimi nilisikia. Kulikuwa na kinanda kwa mbali na kayamba, na mwimbaji hakuwepo kabisa, kama harusi ambayo bibi na bwana harusi wametoroka wakawaacha wapiga ala.

Fundi Mkuu alimtazama mdomo, kisha akanigeukia. "Koome, kuna sauti?"

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia usoni nikingoja acheke, na hakucheka. Ndipo vitu vikajipanga kichwani mwangu kimoja kimoja: ile sauti yake ya kuita mbuzi, kile kidole, viatu visivyoitikia salamu. Mtu mwenye ubao wa REDIO ZA GARI ZOTE alikuwa hasikii redio.

Wanaonijua wanajua kwamba kitu kama hicho mikononi mwangu kingekuwa kichekesho cha muhula mzima. Lakini kando palikuwa na madereva wawili wakingoja magari yao, na Mama Tume ana mdomo unaofika Merti kabla ya basi. Mzee wa watu huwezi kumwambia mbele ya wateja kwamba masikio yake yameisha. Nikajibu kwa sauti ya mtumishi wa umma.

"Hakuna, mzee. Ni kimya kabisa."

Mama Tume alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wawili mmekula nini leo?" Akaliacha gari hapo, akashika njia kwa miguu kwenda kwenye maduka ya spea kutafuta redio ya mitumba.

Nikajiona nimefanya jambo la heshima. Fundi Mkuu akanyoosha mkono, akazima redio. Akangoja. Akaiwasha. Akazima tena, akawasha tena. Muda wote hakuangalia redio. Alikuwa anaangalia chini.

"Mguu wako," akasema.

"Umefanya nini, mzee?"

"Nikiwasha unacheza. Nikizima unaacha. Hakuna sauti na mguu wako unacheza ngoma gani?"

Katika utumishi wangu wote sijawahi kupimwa hivyo. Alikuwa amenigusisha betri, nami nikaruka.

"Nilisikia," nikasema.

"Kwa nini umenificha?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mzee."

"Heshima gani? Umemtuma huyo mama akanunue kitu hahitaji, na ni mimi jina langu litaitwa mwizi." Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti, na sikuwa nimejua anaweza. "Zile sauti nyembamba zimeniacha. Zilianza ndege, nikafikiria ndege wamehama. Halafu simu. Hizi nene bado zinakuja, nazishika kwa kidole."

"Guyo anajua?"

"Guyo anajua saa ya chai." Akasimama. "Sasa sema ukweli. Unasikia nini? Usiniambie inalia. Sema inalia aje."

"Kinanda. Kayamba. Kwa mbali sana."

"Kuna nene? Ile ya dum dum?"

"Hakuna."

"Mwimbaji?"

"Hayuko."

"Tafuta stesheni ya watu wanaongea."

Nikatafuta. Taa iliwaka, namba zilionekana, na hapakutoka neno hata moja. Nikamwambia. Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Redio haijakufa. Hizi spika mbili ziliungwa kwa waya mmoja wa kurudi, na huo waya umekatika. Sasa umeme ukitoka spika hii unarudi kwa mwenzake badala ya kurudi kwa redio. Kile kitu kiko sawa pande zote mbili, kama mtu anaongea, au zile nene, kinajiua. Kinabaki kile kiko tofauti: kinanda huku, kayamba kule. Ndiyo maana kidole hakikushika kitu. Kimbia umrudishe mama kabla hajanunua. Mbio!"

Nilimkuta Mama Tume kwenye duka la pili akibishania redio iliyopoteza kifundo cha kuongezea sauti.

"Mama, rudi. Yako ni nzima. Inalia."

"Nilisema inalia!"

"Ndiyo, mama. Hata mimi nilisikia."

"Na ukasema?"

"Nikasema hakuna."

"Haya, na kwa nini?"

Akamrudishia mwenye duka redio yake. Akatangulia, akiongea Kiborana njia nzima. Kiborana sikijui, lakini jina langu nililisikia humo mara nyingi.

Tuliporudi zulia la nyuma lilikuwa limefunuliwa. Fundi Ekiru alikuwa ameufuata waya peke yake kutoka kwenye spika hadi kwenye kiungo kilichokuwa chini ya mitungi, akakipata kimegeuka kijani na kukatika kama uzi uliooza. Miezi mingi ya maziwa yaliyomwagika na kuchacha ilikuwa imepenya kwenye tepu na kula shaba. Guyo, aliyekuwa amerudi na chai, akaunga upya kwa risasi, kila spika na waya wake wa kurudi. Nikawasha. Mtangazaji akatoka kwa nguvu akisoma bei ya mbuzi, na Mama Tume akapiga makofi mara moja.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Fundi Mkuu akajifuta mikono, akasimama mbele yake, na mbele ya wale madereva wawili.

"Mama Tume, ulisikia vizuri. Ni mimi sisikii. Sauti nyembamba siziwezi tena. Kijana alikuwa ananifunika, na alikosea, na mimi nilikosea kukuambia redio imekufa."

Mama Tume akamtazama juu hadi chini.

"Ndiyo maana! Kila nikija nakuambia unachelewesha gari ya watu, wewe unanijibu 'karibu sana'. Mimi nilifikiria ni kiburi."

"Ulikuwa unaniambia hivyo?"

"Kila siku! Hata mzee wangu nyumbani hasikii, na huyo anajifanya. Wewe afadhali umesema." Akaingia garini, akaongeza sauti, akaondoka na bei za mbuzi zikisikika hadi kwenye kona.

Dereva mmoja kati ya wale wawili aliwasha gari lake akaondoka polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Hajarudi hadi leo. Wa pili alibaki, akafungua mlango, akasema, "Fundi, yangu inakwaruza. Ni nyembamba, mbele kulia." Fundi Mkuu akamwambia hivyo ndivyo mteja anavyopaswa kuongea.

Wiki zangu za mwisho nilihudumu katika kituo cha juu kabisa, yaani Sikio. Kila gari lilipokuja niliulizwa: nene au nyembamba? Mbele au nyuma? Mtu au ala? Niligundua kwamba watu wengi husikia maisha yao yote bila kujua wanasikia nini, nami nilikuwa mmoja wao. Pia nilimfundisha Guyo achukue nafasi yangu. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Kila sauti kwake ilikuwa "inalia kama birika."

Kisha shule zikafunguliwa, nikastaafu. Hapakuwa na sherehe. Nilirudisha testa, nikanywa chai ya mwisho, nikaenda kununua daftari. Sasa nikiwa darasani, mwalimu akiandika ubaoni, chaki yake hutoa sauti nyembamba sana, na huwa nawaza kwamba kuna mtu mmoja mjini ambaye ingemwacha kwa amani. Utumishi umenifunza neno moja tu la kuwaachia: mkubwa akikuuliza unasikia nini, mwambie unachosikia. Ukimpunguzia, anaamua vibaya, na aibu inamkuta yeye.

Kabla ya kuwapa ninyi maandishi haya niliyapeleka kibandani Jumamosi, kwa kuwa masikio yanayosimuliwa si yangu. Fundi Mkuu aliyasoma amesimama juani, karatasi baada ya karatasi, nami nikingoja afute habari za ndege waliohama na simu. Hakuzifuta. Alirudi nyuma kurasa mbili, akanionyesha mstari.

"Hapa umeandika 'tuliupata waya'."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe ulikuwa kwa maduka. Waya niliupata mimi."

Nimesahihisha.