Ndambuki Anyamazisha Ngoma

Mwaka wa hamsini na nane, kama ungefika Thika ukauliza ni nani mtu mkubwa katika timu ya Komu Stars, usingetajiwa golikipa wala mfungaji. Ungetajiwa Ndambuki, na Ndambuki mwenyewe mpira hakuujua hata kidogo. Siku moja mazoezini walimpasia kwa utani, akaukosa, kiatu kikamtoka mguuni na kuingia golini badala ya mpira. Tangu siku hiyo alikaa pembeni ya uwanja, kwenye kazi aliyoiweza, nayo ilikuwa kupiga ngoma.

Alikuwa Mkamba wa Masaku, mikono minene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujisifu. Alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha ngozi kule Eneo la Viwanda, kazi yake kukwangua manyoya. Harufu yake ilifika nyumbani kabla yake, na mkewe Ndila alimwekea ndoo ya maji na kipande cha sabuni nje ya mlango. Asingevuka kizingiti bila kuoga, hata angekuja na mgeni wa heshima namna gani. Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomfundisha ngozi. Ile ya ngoma yake aliichagua yeye, akamwomba nyapara, akaikausha na kuiwamba mwenyewe. Ilikuwa ngoma ndefu ya kubanwa katikati ya mapaja, na alipoipiga watu waliisikia tumboni.

Jumamosi jioni alikuwa na kikundi chake cha wachezaji wa ngoma, vijana wa Kikamba waliofanya kazi mjini na mashambani. Kikundi kilikuwa na sheria moja tu. Ngoma ikienda polepole, wote hukaa kwenye mstari. Ndambuki akibadilisha mdundo na kuuharakisha, kila mtu huruka mbele mara moja, na atakayebaki nyuma hutoa kuku. Kuku huyo huliwa na wenzake mbele ya macho yake, huku wakimsifu kwa ukarimu. Vijana walilipa kuku wengi mwanzoni. Baadaye hakuna aliyelipa tena, maana miguu ilishazoea kuitika bila kumngoja mwenyewe aamue.

Sasa, nusu ya Komu Stars walikuwa vijana wa kikundi hicho. Simeon Makau, beki wa kulia, ndiye aliyeruka kuliko wote.

Mwaka uliotangulia Komu Stars walikuwa wamebeba Daraja la Pili kama mchezo wa watoto, wakapanda Daraja la Kwanza. Mji ulikosa usingizi. Ndambuki alitembea wiki nzima kifua mbele, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba timu ilipandishwa na ngoma, miguu ilisaidia tu. Na watu walimkubalia! Wakati wa shida mpira ukikaribia goli la maadui, ndipo alipoiharakisha ngoma, na timu nzima ilikwenda mbele kama maji ya mto Chania wakati wa masika.

Daraja la Kwanza likawa jambo jingine. Msimu wenyewe ulikuwa wa vituko. Komu Stars walishinda tano kwa nne, wakapigwa sita kwa tatu, wakashinda nne kwa tatu, wakapigwa tena tano. Hawakuwahi kutoka uwanjani bila bila, hata mara moja. Mashabiki walipiga kelele mpaka sauti zikawaishia, walicheka, walilia, walirudi. Lakini msimu ulipokaribia kwisha, timu ilikuwa imebakiza mechi moja, dhidi ya timu ya Mkonge, vijana wa shamba la katani. Mkonge walikuwa nyuma yao kwa pointi moja. Komu wakitoka sare, wanabaki. Wakishindwa, wanarudi walikotoka, na wale wote waliowacheka wanapata chakula cha mwaka mzima.

Ndipo mwenyekiti wa mashabiki, Bedan Gachanja, fundi cherehani, akaitisha mkutano wa kuupima msimu. Hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na mkutano ulihitaji ruhusa. Bedan alikwenda kwa chifu mara mbili. Chifu alikubali kwa sharti kwamba askari kanga mmoja, polisi wa chifu, atakaa pale asikilize kama kuna siasa. Akaja askari aliyeitwa Dismas, kofia imenyooka, uso umekazwa, akapewa kiti kwenye baraza ya duka la Bedan, Jumapili baada ya kanisa.

"Ajenda ni moja," Bedan alisema. "Kwa nini tunafungwa namna hii? Kila mtu aseme vile aliona. Lakini bila matusi."

Muigai wa baiskeli, aliyefuata timu kila mahali kwa magurudumu yake mawili, alikuwa wa kwanza kusimama. "Atiriri! Mimi nianze na ile ya Ruiru. Tulikuwa tunaongoza mbili kwa moja. Ndambuki hapa amewasha moto, ngoma inalia mpaka nywele zinasimama. Mara mpira umepotea, mtu wao ni huyo anaenda peke yake. Peke yake! Makau ako wapi? Ako huko mbele kwa kona, anatafuta nini?"

Watu waliguna. Ndambuki alitabasamu kwa ile sehemu ya moto, akawatazama waliokaa karibu naye kuhakikisha wameisikia.

Mwingine akasimulia ile ya kufungwa sita. Naye alisema ngoma ilikuwa imepamba moto, halafu beki akawa hayuko. Mwingine akasimulia nyingine. Ngoma ilipamba moto, beki hayuko. Hata Dismas alisahau siasa zake. Aliinuka kitini akasema lile bao la pili la Ruiru halikuwa ofsaidi, yeye mwenyewe alikuwa zamu uwanjani akaona, na ni kweli yule beki alikuwa amehama nyumba. Akakaa tena akarekebisha kofia, na watu wakampigia makofi.

"Basi imejulikana," alisema Muigai. "Huyu kijana hana akili ya Daraja la Kwanza. Jumapili ijayo, na Mkonge, aketi chini. Tena mimi nasema aketi kabisa, hata mwaka ujao. Tutafute beki mtu mzima."

"Kabisa! Aketi!" sauti zikaitikia.

Makau alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake, ile miguu iliyompa jina mjini kote. Kijana huyo alikuwa akipalilia kahawa siku sita ili aishi siku moja ya saba.

Hapo ndipo tabasamu la Ndambuki lilipomkauka usoni. Masikioni mwake lilimrudia neno la Zacharia, mwenzake wa kiwandani, shabiki wa Ruiru. Jumatatu moja, wakiwa wameinamia ngozi, Zacharia alikuwa amemwambia, "Ndambuki, hiyo ngoma yako sisi watu wa Ruiru tunaipenda kuliko nyinyi." Ndambuki alivimba kwa sifa hiyo. Alikwenda nayo mpaka nyumbani, akamwimbia Ndila kabla hata ya kuoga, na akairudia mezani. Sasa akaielewa. Watu wa Ruiru walikuwa wakiingoja ngoma. Mkonge pia, bila shaka. Wote walikuwa wakiingoja: akiharakisha mdundo, mabeki wa Komu wanaruka mbele, mlango unabaki wazi, unapita na mpira wako kama unakwenda sokoni.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amemshuku, na nani asiyependa kuitwa roho ya timu? Alikaza macho chini, akasema moyoni kwamba Makau bado kijana, atapata timu nyingine. Lakini yeye ndiye aliyemfundisha kuruka. Kuku wa kwanza wa Makau alimla yeye, paja zima.

"Mwenyekiti," alisema akisimama. "Mwacheni huyo mtoto. Ni mimi."

"Wewe vipi? Wewe hata huchezi."

"Ni ngoma. Mimi nikiharakisha, yeye anakuja. Nimemzoesha mimi. Na wale wengine wameshajua, wananingoja mimi nipige ndio wao wapite."

Kwanza watu walicheka, wakidhani ni maringo yake ya kawaida: hata kushindwa alitaka kuwe kwake! Lakini Bedan hakucheka. Alimgeukia Makau akamuuliza taratibu, "Simeon, kijana yangu, kwa nini unaachanga goli?"

"Mimi sijui, mzee," Makau alisema. "Najiambia nikae. Nakaa. Halafu ngoma inaita, nashtukia niko mbele. Ngoma ikiita, utabaki aje nyuma?"

Kisha Muigai akashika kichwa, "Ngai! Kumbe sisi ndio tunajifunga!" na kicheko kilichozuka kilimfanya Dismas aangushe kofia. Walicheka mpaka wakashikana mabega, wakirudia bao moja moja, ngoma na beki, ngoma na beki. Waliona msimu wote upya, na sasa ulikuwa mtamu zaidi kwa sababu ulikuwa na dawa.

Dawa yenyewe ndiyo iliyomchoma Ndambuki. Bedan, kwa huruma, alishauri apige polepole tu Jumapili.

"Mimi najijua," Ndambuki alisema. "Mkono ukigusa ile ngozi hausikii mtu. Hata wewe mwenyekiti ukinishika, nitakupiga wewe." Akaificha mikono nyuma. "Isipigwe kabisa."

Wiki hiyo hakujisifu kwa mtu. Kiwandani Zacharia alimuuliza kama anaumwa. Jumapili Ndila alimwona ameibeba ngoma begani, akamzuia mlangoni.

"Baba Kanini, si ulisema hupigi?"

"Sipigi. Lakini siwezi kwenda bila yeye. Watu wataniona niko uchi."

Uwanjani akamtafuta Dismas, aliyekuwa zamu. Akailaza ngoma chini mbele yake. "Afande, nakuomba ukae hapa. Usiinuke mpaka refa amalize. Hata nikilia."

Dismas aliikalia kama gogo, bunduki magotini, akasema hajawahi kupewa kazi ya maana hivyo tangu avae sare.

Mechi ikaanza, na jamani, mechi gani ile! Mkonge walikuja wamejipanga nyuma, wakingoja. Komu walipoufikisha mpira karibu na goli la Mkonge, watu wa Mkonge waligeuza shingo kutazama pembeni, ngoma iko wapi? Hakuna ngoma. Makau alikuwa amesimama kwake kama mti uliopandwa. Mpira ukarudi, ukaenda, ukarudi. Watu elfu hivi walikaa kimya mpaka ukasikia mguu ukigonga mpira, kitu ambacho hakikuwahi kusikika mechi ya Komu. Mapumziko yakafika bila bila.

Kipindi cha pili Ndambuki alikalia mikono yake. Kila Komu walipopata nafasi, mabega yalimruka. "Afande, kidogo tu," alinong'ona. Dismas hakugeuka. Alijikaza juu ya ngoma akasema, "Kaa chini, mzee. Hii ni amri ya serikali." Ndila, aliyekuwa nyuma yake, alimshika shati kwa mikono miwili.

Muda ulikuwa ukiyoyoma, na Mkonge ndio waliotakiwa kushinda! Kocha wao alikuja kuliona hilo akiwa amechelewa. Akawapigia kelele waende mbele, wakaja wote, mbio, kwa hasira ya watu waliopoteza saa nzima wakingoja kitu kisichokuja. Shuti la kwanza golikipa alilipangua. La pili liligonga mwamba, mashabiki wakapiga yowe. Mara winga wao akachomoka peke yake upande wa kulia, na Ndambuki akafumba macho kwa mazoea, maana upande huo ndio uliokuwa ukibaki mtupu msimu mzima.

Aliposikia uwanja umelipuka, alifumbua. Makau alikuwapo. Alikuwa ameteleza kwa mguu mtupu, mpira ameutoa nje mpaka kwenye baiskeli ya Muigai, na yeye amekaa kwenye vumbi anashangaa kujikuta nyumbani. Refa akatazama saa, akapuliza.

Bila bila! Hakuna kombe lililowahi kushangiliwa kama ile bila bila. Watu walirushana juu, Muigai aliibusu baiskeli, Bedan alilia waziwazi akipangusa machozi kwa tepu yake ya kupimia. Wachezaji walikuwa bado wametawanyika uwanjani wakikumbatiana wawili wawili. Dismas ndiye aliyeinuka kwanza. Aliisimamisha ngoma, akaipangusa vumbi kwa kofia ya serikali, akaisukuma kwenye mapaja ya Ndambuki.

"Sasa piga," alisema.

Ndambuki aliipiga. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaliwa, machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni, na hakuanza polepole. Alianza na ule wa haraka. Uwanjani vichwa viliinuka vyote kwa pamoja. Makau akaanza kukimbia, na beki wa kushoto akamfuata, na golikipa akaacha goli lake akatimua mbio nyuma yao. Walivuka uwanja mzima wakiruka kuelekea kwake, mabeki wakiwa wa kwanza kufika, na nyuma yao goli lilibaki tupu wala hakuna aliyelikumbuka.