Tembe Mwekundu Katika Kapu la Dobi

Mtaani walimwita Dobi, na mkewe walimwita Mama Mapacha. Miaka ishirini na ushei alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Uani, nyuma ya kamba za kuanikia, mkewe alifuga kuku; safari hii walikuwa saba, bado hawajaanza kutaga. Dobi hakuwa na habari nao. Yeye alijua mayai tu.

Kisha mkewe akasafiri kwenda kumwangalia mmoja wa mapacha wao aliyejifungua. Alitoa maagizo mlangoni, begi mkononi: maji safi kila asubuhi, banda lifungwe mapema, na jambo la tatu ambalo Dobi aliliitikia "sawa, sawa" huku akinyoosha kola ya shati.

Wiki ya tatu, asubuhi, alifungua banda na kuku sita wakatoka mbio. Wa saba alibaki chini. Alikuwa tembe mwekundu, ndiyo kwanza ameanza kutaga, na jana yake alikuwa akiparura uani kama wenzake. Sasa alijaribu kuinuka, miguu ikateleza, akajisukuma kwa mbawa, akaanguka ubavu. Macho yalikuwa maangavu kabisa. Ni miguu tu iliyomkataa.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na kawaida ya kupita chai ikiwa jikoni. Alichungulia bandani.

"Shemeji, huyo keshakwenda na maji. Mimi nabandika sufuria, wewe leta kisu."

"Dada yako akikuta manyoya, utamjibu wewe?"

Shemeji akakuna kichwa. "Basi tumpe siku mbili."

Dobi alimpapasa miguu taratibu, kidole kwa kidole. Hakuona jeraha wala mfupa uliovunjika. Akamlaza kwenye kapu la nguo, akamfunika taulo, akafunga kazi na kumpeleka duka la dawa za mifugo, mtaa wa pili.

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alimgeuza kuku na kumbonyeza chini ya mkia.

"Hakuna yai lililokwama. Mayai yake yakoje?"

Dobi akakumbuka. Juzi aliokota yai lenye ganda laini, linabonyea kama mpira. Aliwaonyesha wateja, wakacheka wote.

"Unawalisha nini?"

"Kile kile cha siku zote. Cha kukuzia."

Mama akavua miwani. "Baba, huyu anataga karibu kila siku. Ganda unafikiri analitoa wapi? Analitoa kwenye mifupa yake mwenyewe."

Hapo ndipo lile jambo la tatu likamrudia kichwani: wakianza kutaga, badilisha chakula. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Alipewa chakula cha kutagia, chokaa ya mifugo iliyosagwa, na dawa ya vitamini ya kutia kwenye maji. "Mtenge, wenzake wasimdonoe. Sikuahidi kitu. Na ukiona mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, rudi haraka, huo ni ugonjwa mwingine."

Kapu likawekwa kando ya meza ya pasi. Dobi alikunja taulo mbili akamwegemeza nazo kila upande, maji akayaweka kwenye kifuniko cha kopo, karibu na mdomo. Kila alipomaliza mashati matatu alimgeuza na kumsafisha. Wateja walimtania kwamba sasa anafua hadi kuku. Jioni shemeji yuleyule alileta maganda ya mayai aliyoyaomba mgahawani, ameyaponda laini, akayaacha mezani bila maneno mengi.

Siku ya pili mkewe akapiga simu. "Kuku wangu hawajambo?"

Angeweza kusema hawajambo. Akaeleza yote.

"Nilikwambia nini mlangoni?"

"Uliniambia."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema sawa."

Kisha mkewe akashusha pumzi. "Usimwache alalie upande mmoja." Tangu hapo alipiga asubuhi na jioni, akiuliza hali ya tembe kwanza, ya mume baadaye.

Siku ya tano, Dobi akiwa katikati ya suruali, alisikia kapu likikwaruzwa. Tembe alikuwa amesimama, anatetemeka, mabawa yamelegea. Alipiga hatua mbili ndani ya kapu, akaketi. Dobi alizima pasi, akavuta kigoda na kukaa akimtazama, suruali ya watu ikiwa na upande mmoja tu ulionyooka.

Baada ya siku kumi alimrudisha uani, akasimama na kijiti kuwazuia wenzake. Mguu wa kushoto ulibaki na kilema kidogo, lakini alikula, alikimbia, na baadaye akataga yai lenye ganda gumu.

Mama Mapacha aliporudi alipitiliza moja kwa moja bandani, begi begani. Alimshika tembe, akamkagua miguu, akamwachia. Kisha akauinua mfuko wa chakula cha kutagia, akasoma maandishi yake yote hadi chini, na ndipo akamgeukia mumewe.

"Haya," alisema. "Sasa nipokee begi."