Mstari Uliosali Milangoni

Siku ya kwanza kazini nilipewa ncha ya kamba, nikaambiwa niishike na nisiiachie mpaka niambiwe. Nikaishika. Mvua ikanyesha, nikaishika. Bwana aliyekuwa na ncha ya pili, tuliyemwita Msimamizi wa Viwanja, alikwenda kujikinga kwenye lori. Aliporudi alinikuta palepale, nguo zimenigandia mwilini. Akasema, "Mama, wewe utabaki." Wenzangu waliokimbilia kwenye lori hawakuchukuliwa. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, mimi niliyeishia darasa la tatu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka mpaka kuingia Ngara kwa wingi, ukisimama mlimani huoni majani, unaona vichwa. Kwetu Murusagamba tulikuwa tumezoea wageni kutoka Burundi. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, na wengine ni wakwe zetu. Lakini wingi ule hatukuwa tumeuona. Watu wa misaada waliokuja kupanga kambi walitaka vibarua wanaoweza kuongea na mgeni bila mkalimani. Ndiyo maana wakachukua wakulima kama mimi, si kwa sababu tulijua lolote.

Kazi yenyewe nitawaeleza, maana siku hizi vijana wanapima kwa mashine na hawajui. Kamba yetu ilikuwa ya katani, imefungwa mafundo. Kutoka fundo hadi fundo ni kiwanja cha familia moja. Kwenye kila fundo unagonga kigingi. Viwanja vikifuatana vinaitwa mstari, na mistari kadhaa inafanya bloku. Kati ya mstari na mstari unaacha uwazi mpana usiojengwa wala kuwekwa kuni. Huo unaitwa njia ya moto. Nyumba zilikuwa za fito, majani na turubai. Cheche moja ya jiko, upepo ukiwepo, inachukua mstari mzima kabla hujamaliza kuita watoto.

Msimamizi wa Viwanja alikuwa mkali katika hilo. Alikuwa amewahi kuona bloku ikiungua mahali pengine, na kovu la mkononi alilipata huko. Alitukataza kabisa kupanga nyumba zipeane migongo. "Mlango utazame mlango," alisema, "uwazi uwe katikati. Moto ukianza kwako, aliye mbele yako auone kabla yako." Nami nikapanga hivyo, bloku baada ya bloku, mpaka wakimbizi wakaniita Mama Kamba.

Sasa mambo ya makanisa. Nyumba za ibada zilitengewa eneo lake bondeni. Dhehebu lenye cheti cha usajili lilipewa kiwanja, likajenga. Sisi Wakatoliki tulipata chetu mapema. Ila kulikuwa na vikundi vidogo vya walokole visivyo na cheti. Makaratasi yao, kama yaliwahi kuwepo, yalibaki Burundi. Hao wakasali majumbani.

Mmoja wa viongozi wao alikuwa Mama Yeremia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Nilimpimia kiwanja mimi mwenyewe, cha kwanza kabisa kwenye mstari, kando ya barabara itokayo mahali pa kupokelea wageni wapya. Aliking'ang'ania. Nilimwambia, "Hapo vumbi la magari litakumaliza." Akajibu, "Vumbi nitafagia. Mume wangu akija atapita hapa." Walikuwa wamepotezana njiani wakikimbia. Wachuuzi waliokwenda Kabanga mpakani aliwapa maneno wayafikishe kwa yeyote atakayemjua: nyumba ya kwanza, kando ya barabara.

Kila Jumapili nyumba yake ilijaa mpaka fito zinalia. Waliobaki nje walikaa kwenye njia ya moto, na jua lilipozidi wakajenga kibanda cha kivuli katikati ya uwazi, karibu na majiko. Na ngoma. Jirani wa mbele yake, Mzee Silivesta, mpenzi wa pombe ya ndizi, alikuwa wa kwanza kulalamika.

"Mama Kamba, shikamoo hata kama mimi ni mkubwa kwako," aliniambia siku moja, amejifunga kitambaa kichwani. "Hebu niulizie hawa watu. Mungu wao hasikii? Wangu ananisikia hata nikinong'ona."

"Wako amezoea kelele zako za jana yake," Mama Yeremia alimjibu kutoka ng'ambo.

Malalamiko yakapanda. Mwenyekiti wa bloku akayapeleka kwa Mkuu wa Kambi, mtumishi wa serikali, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Wiki hiyohiyo mstari mmoja ulikuwa umeungua kwenye bloku nyingine, kwa sababu njia ya moto ilikuwa imezibwa na kuni. Kwa hiyo Mkuu hakuwa na subira. Akaja na Msimamizi, nami na kamba yangu, tukasimama mbele ya nyumba ya Mama Yeremia.

"Mama, sikatazi mtu kusali," Mkuu alisema. "Nakataza nyumba ya kulala kuwa kanisa. Kiwanja hiki ni cha makazi. Kibanda kitoke leo. Na Jumapili nikikuta mkutano ndani ya nyumba hii, itabomolewa, nawe utahamishiwa viwanja vipya kule nyuma ya kilima."

Mama Yeremia hakulia. Alisema, "Kule nyuma ya kilima hakuna anayepita."

Msimamizi alijua habari ya yule mume. Akamvuta Mkuu pembeni wakanong'ona, na Mkuu aliporudi sauti ilikuwa imelainika.

"Nasikia mumeo hajulikani alipo. Sikiliza. Nyumba ya msiba haiombewi kibali. Watu wanakaa, wanasali, wanaimba, hakuna anayewagusa. Ukisema mumeo amefariki, ukakaa matanga, mimi sina neno. Kuyaanua ni shauri lenu, kila watu na desturi zao."

Ulikuwa mlango mkubwa umefunguliwa. Waumini wake waliokuwa pale walimtazama, na mmoja akamwambia kwa Kirundi, "Sema tu, mama. Ni neno." Kwao msiba unaitwa ikiriyo, na wote tuliokuwepo tulijua hakuna askari anayevunja ikiriyo.

Mama Yeremia akasema, "Mume wangu sijamwona maiti. Siwezi kumzika ili nipate mahali pa kuimba."

"Basi usiimbe," Mkuu akasema.

"Nitaimba."

Mkuu akaondoka. Kibanda tulikivunja siku hiyo, waumini wenyewe wakitusaidia kukunja majani. Mimi ni Mkatoliki na kelele zao zilikuwa zinanichosha, nasema kweli. Lakini nilimwona yule mwanamke akifagia barabara mbele ya mlango wake kama kawaida, nikajua hatahama kwa hiari, na aliyepaswa kung'oa vigingi vyake ni mimi.

Jumamosi nilipita kukagua kama uwazi umesafishwa. Nikamkuta ameketi mlangoni, Mzee Silivesta naye mlangoni kwake, wanarushiana maneno kuvuka uwazi kama ilivyokuwa desturi yao.

"Kesho nitalala mpaka jua liwake," mzee anasema. "Nyumba yako tupu!"

"Kutoka hapo unanisikia vizuri, mzee?"

"Nakusikia kuliko ninavyotaka!"

Mama Yeremia akageuka. Akatazama mstari wake mpaka mwisho, kisha mstari wa mbele, milango yote ikitazamana. Akaniuliza, "Mama Kamba, mtu kukaa mlangoni kwake kunahitaji kibali?"

Nikamwambia mimi nahusika na vigingi, hayo sijui. Akasimama, akaenda mlango kwa mlango.

Jumapili Mkuu alikuja na askari, na mimi nikaitwa na kamba yangu. Nyumba ya Mama Yeremia ilikuwa wazi, haina mtu ndani. Yeye alikuwa mlangoni kwake kwenye kigoda. Kila mlango wa mstari ule, na wa mstari wa mbele, ulikuwa na watu wake, kila familia kwake, na waliotoka bloku za mbali wamekaribishwa wawiliwawili kama wageni. Uwazi wa katikati ulikuwa mtupu, umefagiwa. Mama Yeremia akaanzisha wimbo, mlango wa mbele ukapokea, na wimbo ukashuka mlango kwa mlango mpaka mwisho.

Mkuu akasimama mbele ya mtu wa kwanza. "Unafanya nini hapa?"

"Shikamoo. Nimekaa kwangu, mzee."

Wa pili. "Na wewe?"

"Nimekaa kwangu, mzee. Karibu."

Akafika kwa Mzee Silivesta, kajiinamia na kitambaa chake. "Na wewe ni mlokole?"

"Mimi? Mimi ndiye mlalamikaji! Wamenihamishia kanisa mlangoni, sasa nikitoka niko ibadani, nikiingia ndani nakosa hewa. Nifungeni mimi, labda nitalala."

Watu wakacheka, askari nao. Mkuu hakucheka. Aliniambia, "Pima." Nikavuta kamba kuvuka uwazi, Msimamizi akashika ncha ya pili. Njia ya moto ilikuwa wazi. Mkuu akasimama kitambo akitazama juu na chini ya ule mstari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kambi nzima ya majani mikononi mwake, na alichokuwa akikiogopa hakikuwepo pale.

"Ngoma hapana," akasema mwishowe. "Na jua lisichomoze hamjaanza, wala mchana usiwakute hamjamaliza. Majiko yazimwe kwanza."

"Yamezimwa, mzee," Mama Yeremia akasema.

Tangu hapo wakaitwa mstari unaosali milangoni, na kambi nzima ikaujua.

Misimu kadhaa ya maharage ikapita. Siku moja mwanamume alishuka kwenye lori la wageni wapya, akauliza wako wapi watu wanaosali milangoni, kwa kuwa habari hiyo ilikuwa imefika hata kwao. Akaelekezwa. Nilikuwa karibu, nikigonga vigingi. Nilimwona Mama Yeremia akiinuka kutoka kwenye kigoda, kisha akakaa tena. Hakuwa mumewe. Alikuwa shemeji yake, ndugu wa mumewe, na ndiye aliyemzika kaka yake huyo kwa mikono yake.

Ndipo wakakaa msiba. Nyumba ilijaa mpaka fito zikalia kama zamani, na hakuna aliyeuliza kibali. Mkuu wa Kambi alikuja mwenyewe, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka. Mzee Silivesta alileta maji kwa mtungi na hakusema neno la mzaha. Tanga likaanuliwa siku inayostahili, si zaidi. Jumapili iliyofuata nyumba ilikuwa tupu, nao wamekaa milangoni kwao.

Baadaye nilipelekwa Biharamulo kupima viwanja vya vijijini, chini ya Bwana Ardhi, kijana msomi na mtaratibu. Huko nako magomvi yalikuwa yaleyale: majirani wanasema ni nyumba, wenye nyumba wanasema ni kanisa. Yeye alinifundisha jambo nililokuwa sijaliwaza. "Mama, usianze na sala," alisema. "Anza na choo. Nyumba ya familia moja ina choo cha familia moja. Watu wote hawa wanakwenda wapi?" Tulikwenda kijiji kwa kijiji tukiuliza habari za vyoo na njia, na magomvi mengi yakaishia hapo. Yaliyobaki yalikuwa ya chuki tu, na kwa hayo kamba haisaidii.

Nilistaafu magoti yalipokataa. Nikarudi Murusagamba kwa migomba yangu. Hivi sasa nyumba ya mbele yangu, familia yenye asili ya Burundi, imeanza kusalisha watu. Majirani walinijia: "Bibi, wewe ulikuwa mtu wa viwanja, wakemee." Nikaenda. Nikatazama njia, nikauliza choo, nikawaambia wasogeze kuni zao na wapunguze spika. Wakasogeza. Spika wamepunguza kidogo, si sana, na nitarudi kuwaambia.

Jumapili nikishatoka misa huketi kwangu na rozari yangu, wao wakiimba kwao. Nyumba yangu niliipima mwenyewe, na mlango wake unatazama wao. Moto ukianza kule, mimi ndiye nitakayeuona.