Shairi la Kasam la Kumrudisha Mkewe

Wallahi, ningalikuwa mimi Maleka, ningaliondoka zamani. Mke amwambia mumewe, "Kasam, paa lavuja," naye Kasam, fundi cherehani mzima hapa Kuze, anajibu: "Kuvuja... mvua. Mvua... mwavuli. Mwavuli... bibi harusi!" Kisha anaandika, na maji yanamdondokea daftarini. Maleka akafunga furushi lake akaenda kwao Tononoka.

Ndiyo kanuni yake ya kutunga mashairi: latajwa neno, latolewa la kwanza linalokuja kichwani, bila kufikiri, mpaka ubeti upatikane. Sasa akaapa kutunga shairi la kumrudisha mkewe. Kichwa chake kilikuwa kimekauka, basi akawabana wateja. Ukienda kupimwa kanzu, futi yakuzunguka shingo, na neno lakujia.

"Mapenzi?"

"Sukari," akasema Ogutu wa reli, bila kupepesa.

"Mwezi?"

"Chapati."

"Moyo?"

"Maini."

Ulikuwa mwaka wa arubaini na tatu, vita vimepamba moto, sukari kwa foleni na mchele umekuwa hadithi. Watu wangetoa neno gani? Hata mimi jirani yake niliulizwa "uzuri" nikasema "samli". Niliona haya, lakini lilikwishatoka.

"Kasam," nikamwambia, "hili si shairi, ni karamu. Mkeo atakucheka."

"Dada Mwanakuu, kanuni ni kanuni."

Ijumaa baada ya swala tukaenda Tononoka, mimi nimefanywa mshenga bila kupenda. Akasimama barazani kwa wakwe, koti alilolishona mwenyewe limempwaya, akaghani:

Maleka wangu mchuzi, wali mweupe wa nazi,
Uso wako maandazi, macho yako ni mbaazi...

Majirani wakatoka. Mmoja alikuja na sahani, astaghfirullahi! Mama mkwe naye akauliza sufuria ziko wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

Maleka akatokea mlangoni. Hakucheka. Alimtazama mumewe kuanzia kola mpaka viatu.

"Kasam, tangu niondoke umekula nini?"

Kasam akafungua daftari.

"Usitafute humo! Nijibu."

"Chai," akasema Kasam. "Chai kavu. Jana hata hiyo sikunywa."

Mimi naishi ukuta kwa ukuta naye, na sikujua. Maleka akalia palepale, mbele ya watu wote na ile sahani.

"Mjinga wewe," akamwambia, akaingia ndani kuchukua buibui lake.