Kilemba cha Godauni la Mbaraki

Niliporudi kutoka Arabuni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na vitu vitatu ambavyo hakuna kijana mwengine wa mtaa wetu wa Mji wa Kale aliyekuwa navyo: diploma ya ufundi wa mashine za baridi, sanduku la zana nzuri kuliko za karakana yoyote ya Mombasa, na akiba ya miaka kumi na mitatu ambayo hakuna ndugu aliyenichangia hata senti. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba nilichokipoteza nilikiokota. Nilianza kwa kufagia sakafu ya karakana ya watu. Nikitoka kazini nilikwenda darasani na mafuta bado yako kwenye kucha. Nilimaliza wa kwanza katika darasa lililokuwa na watu wa mataifa sita, na ile diploma niliitia fremu ya shaba kabla sijanunua kitanda.

Wenzangu waliorudi na pesa walinunua magari, wakaoa mke wa pili, wakafungua maduka ya vitambaa yaliyofungwa baada ya Idi mbili. Mimi nilinunua kiwanja Mbaraki, chini ya Ganjoni, palipokuwa na banda bovu la mabati. Nililibomoa, nikajenga godauni. Chini ilikuwa ghala moja refu lenye mlango ambao lori huingia kinyumenyume bila dereva kushusha utingo. Juu, kwa mbele, afisi mbili zenye madirisha ya vioo. Mpaka leo ukipita njia ile utaliona, na ukilitazama paa lake utajua kwamba aliyelisimamia hakuwa mtu wa kubahatisha.

Nilitaka jambo moja tu. Mpangaji mmoja mkubwa akae miaka mitano, kodi yake inirudishie nguvu, kisha atoke, niingie mimi. Chini niweke karakana na vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki na matunda ya watu. Juu nikae mimi mwenyewe nyuma ya meza, diploma ukutani. Msumari wake niliupigilia kwa mkono wangu katika afisi ya mbele siku plasta ilipokauka, wakati madirisha bado hayana vioo.

Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama, alikuja kulitazama jengo kuta zilipofika kimo cha mtu. Alikuwa na duka la magunia, kamba na maturubai Makadara, na hakuwahi kuvuka darasa la nne.

"Mbona mlango ni mmoya?" aliniuliza.

"Mpangaji atakuwa mmoja, mjomba."

"Gawanya mafungu manne. Hapa weka muuza rangi, pale muuza saruji. Mmoya akikutoka, watatu wamebaki. Mpangaji mmoya ni kama jino moya, mwanangu. Siku likingʼoka, watafunia ufizi."

"Mjomba, sikukaa Arabuni miaka yote ile nije kukimbizana na wauza magunia kila mwisho wa mwezi."

Neno lilikuwa limeshatoka. Alinitazama, akacheka kidogo, akajipangusa vumbi la saruji kwenye kanzu.

"Haya, injinia," akasema. "Weye ndiye wajua."

Pesa ziliniishia kwenye afisi za juu. Vilibaki vioo, dari, ngazi na mashine mbili za baridi. Benki walinizungusha. Mjomba alikuwa nazo, mji mzima ulijua kuwa anazo, lakini baada ya neno lile ningekula mchanga kabla ya kwenda kumuomba. Ndipo akatokea mpangaji. Alikuwa mtu wa makamo, muuzaji wa spea za magari, mzaliwa wa Mombasa kisiwani, ambaye baba yake na babu yake walipanga maduka mjini maisha yao yote. Alipanda juu kwa ngazi ya mbao ya mafundi, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akachungulia bandari kwa pengo la dirisha.

"Mashaallah, jengo zuri. Nani fundi?"

"Ni mimi."

"Basi nitakupa kilemba, umalize hapa juu. Kodi tuifanye ya kiungwana, nami nilichukue lote, chini na juu."

Kilemba, kwa asiyejua, ni fungu ambalo mpangaji humpa mwenye jengo mara moja, siku ya kuingia, mbali na kodi ya mwezi. Neno hili nililisikia tangu utotoni. Nikalichukulia kuwa ni shukrani, heshima apewayo mtu aliyejenga kitu cha maana. Nilikipokea mbele ya wafanyabiashara wawili wazee, kwa kahawa na halua, na nilikula halua nyingi. Hakikuandikwa popote. Kilitosha vioo, dari, ngazi na mashine zote mbili, tena nilinunua zile za daraja la kwanza.

Mkataba, huo niliuandika mwenyewe. Kurasa nne, kwa taipureta, kwa Kiingereza kilichonyooka. Wakili angenifundisha nini? Miaka mitano iliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Na kwa kuwa sikutaka mafundi wa vichochoroni waje kuiharibu kazi yangu, nilitia kifungu kwamba matengenezo yote ya paa, ngazi na mashine za baridi yatafanywa na mwenye jengo mwenyewe, bila malipo. Mpangaji alipofika kwenye kifungu hicho alitabasamu.

"Hapa umenifurahisha, bwana."

Akatia sahihi. Kurasa zilizobaki hakuzisoma.

Mke wangu alikuwa mtu wa Bondeni, binti wa muuza vyombo. Jioni ile nilimsomea mkataba wote, nikimfasiria.

"Na akikataa kutoka?" aliuliza.

"Karatasi si hii hapa?"

"Karatasi naiona. Nauliza kilemba. Baba alipotoa kilemba cha duka letu, tulikaa mpaka akafa. Alipokufa hatukumrudishia mtu duka. Tulimpisha mpangaji mwengine, naye akatulipa kilemba sisi. Mwenye nyumba aliletewa habari tu."

"Lile lilikuwa duka la sufuria," nilimwambia. "Hili ni jengo la mtu aliyesoma."

Aliinuka akaenda kutazama wali wake. Nimekwisha kulikumbuka jibu langu lile mara nyingi kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yetu.

Miaka mitano ile niliifanyia kazi kweli. Nilitengeneza friji za mahoteli, mashine za barafu za wauza samaki, na viyoyozi vya matajiri wa Kizingo, zana zangu juu ya mkokoteni, kwa sababu karakana yangu ilikuwa imejaa spea za mtu mwengine. Mwaka wa nne nilipata mtambo wa chumba cha baridi kutoka meli iliyovunjwa, bei ya kutupa. Niliuweka ukumbini kwetu, umefunikwa turubai. Wageni walipita ubavu ubavu. Mke wangu alitandika kitambaa cha kufuma juu yake na kuweka redio.

Barazani, wanywa kahawa walikuwa na salamu yao kwangu.

"Aa, bwana godauni! Ushaingia kwako?"

"Bado mwaka mmoja na nusu."

"Mungu akuweke. Na yeye amuweke. Na spea zake."

Wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa nilijua nitakavyowacheka siku yangu.

Siku yenyewe nilivaa tai. Nilipanda ngazi zangu, nikaketi afisi ya mbele, mbele ya meza iliyokaa pale pale nilipopanga kuiweka yangu.

"Muda umekwisha, bwana," nilisema.

"Umekwisha," alikubali, akaniagizia soda. "Nirudishie kilemba changu nitoke."

"Kipi? Kile si ulinipa cha kuingilia?"

"Nilikupa, nikaingia. Anayeingia baada yangu hunilipa mimi. Na akiwa anayeingia ni mwenye nyumba mwenyewe, karibu, naye hulipa. Kwa bei ya leo. Ndiyo ada ya mji huu, bwana, sikuitunga mimi."

Bei ya leo ilikuwa mara tatu. Katika miaka ile magodauni ya karibu na bandari yalikuwa yakigombaniwa na kila mwenye kuingiza mali. Nilipiga kelele. Nilisema mimi nina mkataba.

"Nami nina mashahidi wawili," alisema, bila kupandisha sauti. "Wote wako hai, wote huswali safu ya mbele. Kunywa soda yako."

Nilikwenda kwa wale wazee. Mmoja alijifanya hasikii. Wa pili aliniambia, "Mwanangu, si ulikula halua yake?" Nikaenda kwa wakili, hatimaye, nikamlipa ili aniambie kwamba karatasi yangu ina nguvu, na ada ina nguvu, na kwamba kesi ya namna hiyo huzeeka kabla ya kusikizwa, na wakati wote huo aliye ndani hubaki ndani. Aliponisomea kifungu cha matengenezo aliinua nyusi. "Hiki nani alikuandikia?" Nikamwambia ni wakili mwengine.

Ilibaki njia moja. Habari zilimfikia mjomba kabla yangu, akatuma mtu: nipite dukani. Nilimkuta amekaa juu ya robota la magunia, anakata kamba. Walikuwapo wateja wawili, watu wa bara, wanachagua turubai.

"Nimesikia," alisema. "Pesa hizo ninazo. Ulipe, umtoe, uingie kwako. Nirudishie ukiweza."

Nilikuwa najaribu kulipanga neno la shukrani.

"Lakini uniombe," akaendelea, kisu bado kwenye kamba. "Uniombe kwa ulimi, kama mtoto wa dada yangu. Maana mara ya mwisho ulisema hukuja kukimbizana na wauza magunia. Leo muuza magunia ana kazi?"

Wale wateja waliinua vichwa. Mmoja alitabasamu, nadhani bila kujua anatabasamia nini. Nami nilikuwa nimesimama na tai yangu, mtu niliyesoma kwa jasho langu, niliyeongoza darasa la mataifa sita, mbele ya mzee anayehesabu kwa mafundo ya kamba. Lilihitajika neno moja. Nisaidie. Mtoto wa miaka miwili hulisema.

"Mjomba, nitalimaliza jambo langu mwenyewe," nikasema.

"Haya," akajibu. "Weye ndiye wajua."

Baadaye mama alinieleza kwamba pesa zilikuwa tayari dukani siku ile, zimefungwa ndani ya gunia dogo, na kwamba mjomba alikaa mpaka baada ya alasiri akiamini nitarudi. Sikurudi. Alifariki miaka miwili baadaye, na jambo hilo hatukuligusa tena, ingawa kila Idi nilimbusu mkono naye akaniuliza hali ya watoto. Namlaumu kwa wateja wale. Angeweza kungoja wakatoka. Najilaumu nami, lakini yeye nilianza kumlaumu kwanza, na sijamaliza.

Mwezi haukwisha, muuza spea alimpisha mwengine: watu wa majani ya chai, wanaochanganya na kufunga makasha kupeleka ngʼambo. Walimlipa kilemba chake, mara tatu ya alichonipa mimi. Mimi nililetewa habari tu, kama mwenye nyumba wa baba mkwe. Mkataba wangu waliurithi kama ulivyo, na mwisho wake walijua vizuri kuliko mimi kwamba si mwisho. Sipotezi kodi. Huja kila mwezi, haichelewi, na ukilinganisha na bei ya vitu ni ya kununulia samaki na kulipia skuli. Watu huniambia nina bahati.

Mwaka wa mvua kubwa, ile iliyonyesha mpaka vyoo vya Mji wa Kale vikafurika, karani wao alipiga simu duka la jirani yangu. Mashine ya baridi ya afisi ya mbele imekufa, na mkataba unasema mwenye jengo. Nilichukua sanduku langu. Mlangoni mtumishi wa afisi, msichana wa watu, alinitazama viatu vilivyolowa.

"Fundi, ngoja hapo nje kwanza. Bosi ana wageni."

Nilingoja juu ya ngazi nilizozilipia kwa kilemba. Sikumwambia mimi ni nani. Angeniamini, na ndilo nililoliogopa.

Nilipoingia, kazi haikunichukua nusu saa. Ilikuwa waya ulioliwa na kutu ndani kabisa, mahali ambapo fundi mwengine angebadilisha mtambo mzima na kuwatoza. Upepo wa baridi ukatoka, bosi akasema, "Ahsante sana, fundi," akarudi kwenye karatasi zake. Nilipogeuka kukusanya zana nikauona msumari wangu. Umesimama wima, haujalegea. Wametundika kalenda ya kampuni ya meli.

Mtambo wa chumba cha baridi nilimuuzia mnunuzi wa vyuma. Ukumbi wetu sasa una nafasi. Diploma iko ndani ya kabati, katika fremu yake ya shaba, imezungushiwa kanga. Mke wangu aliwahi kuniuliza kwa nini nisiitundike hapa nyumbani, ukumbini, wageni waione. Nilimwambia kuta hizi za zamani ni za mawe na chokaa, hazishiki msumari.

Akaenda zake jikoni, akapita chini ya picha ya baba yake, iliyotundikwa ukutani pale tangu tuoane.