Mama alipata nafuu baada ya kula uyoga, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza

Wakuu, salamu kutoka Bukavu, Kadutu, huku mvua ikipiga mabati.

Kabla sijaondoka kwenda kusoma Kampala, Tonton Ciza, mdogo wake mama, alisimama kwenye sherehe ya ubatizo, glasi mkononi, akatangaza mbele ya watu: "Siku huyu mutoto akileta diplome, miye nitabeba gunia ya makala ku kichwa, niipandishe Kadutu yote."

Makala kwetu ni mkaa. Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga bia.

Wengine walisema nitaishia kuosha sahani za watu. Na kweli niliziosha, hotelini, usiku, asubuhi niko darasani nasinzia. Lakini nilirudi na diploma ya maabara, bila mjomba, bila padri, bila mfadhili. Niliitia fremu. Nakala nikampelekea Tonton nyumbani kwake, pamoja na gunia tupu.

Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana kwa mbali. Mshike hilo, litahitajika mbele.

Haya ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyapima kwa mikono yangu. Siongezi chumvi.

Mama anaishi Nyantende, nje kidogo ya mji. Anaujua uyoga kuliko mtu yeyote nimjuaye. Kila aina ina jina lake la Kimashi, na anajua unaota wapi na baada ya mvua gani. Tumeula tangu utoto, na hakuna aliyewahi hata kuumwa tumbo.

Ila miaka ya karibuni watu walipanda misonobari kwenye mteremko nyuma ya nyumba ili udongo usiporomoke. Mti mgeni huja na vitu vyake vilivyojificha kwenye udongo wa miche.

Jumapili moja, baada ya misa, mama alikuta uyoga mweupe, mzuri, umeota chini ya misonobari ile. Ulifanana na ule anaouchuma siku zote. Konokono walikuwa wameula pembeni, na kwa akina mama wetu hiyo ni ruhusa tosha. Akaupika na mafuta ya mawese, akala na ugali mchana.

Dada yangu Nsimire alikuwa na mimba changa na harufu ya mawese ilikuwa inamchefua. Hakugusa. Mpaka leo namshukuru huyo mtoto kabla hajaanza hata kuongea.

Mchana ule mama alikuwa mzima. Jioni mzima. Alfajiri ya Jumatatu akaanza kutapika na kuharisha maji matupu.

Kwetu ukiharisha hivyo neno la kwanza ni kolera, yaani kipindupindu. Nsimire na Tonton wakamkimbiza hospitali. Akawekewa dripu, akapewa maji ya chumvi na sukari. Mimi nilikuwa Kalehe kwa kazi. Nilipigiwa simu, nikaambiwa nisihangaike, wameshika hali.

Nilifika Jumanne mchana. Nikamkuta mama amekaa kitandani, amejifunga kitambaa chake kichwani, anaomba chai na mkate. Kuharisha kumekata. Anawatania wauguzi. Tonton ameshatafuta teksi ya kumrudisha nyumbani.

Nilifurahi kama mtoto. Nikamuuliza, ili tu tuongee, alikula nini.

Akaniambia. Nikamuuliza uliota wapi. Akaniambia.

Nikahesabu kichwani. Chakula kibaya cha kawaida hukupiga upesi. Hiki kilikaa kimya kuanzia mchana hadi alfajiri. Kisha kikamtesa, kisha kikamwachia.

Wakuu, nilikitambua. Ni kitu nilichosoma Kampala, kikaja kwenye mtihani, na niliwahi kujisifia alama zake.

Mnivumilie kidogo hapa, maana bila hili hamtaelewa kwa nini nilimhofia mgonjwa anayecheka.

Ndani ya kila seli kuna kitabu kimoja kikubwa cha maagizo, DNA. Ni kama shule zetu za vijijini: kitabu ni kimoja, kimefungiwa ofisini kwa direkta, mwalimu mkuu, hakitoki. Kinachotoka ni nakala. Kuna mashine inayoingia, inasoma ukurasa unaotakiwa leo, inaandika nakala, na nakala hiyo inakwenda kwa mafundi wanaounda protini. Vitabuni inaitwa RNA polimerasi ya pili.

Seli haisomi kurasa zote. Ya ini inasoma za ini, ya ngozi za ngozi. Ukila inafungua hizi, ukifunga inafungua zile. Kuna swichi za kuwasha na za kuzima, na mambo haya hayalali hata dakika moja.

Hata mashine zenyewe zinalindwa zisipungue wala zisizidi. Moja ikikwama katikati ya ukurasa, seli inaitia alama, inaivunja, njia inafunguka, na nyingine inaundwa. Usafi wa kila siku.

Sasa, kuna uyoga ambao sumu yake inaigandamiza mashine hiyohiyo. Haiui papo hapo. Inaifanya isome kwa kujikokota mpaka iwe kama imesimama. Seli inaona mashine zimekwama, inazivunja kama ilivyozoea. Lakini maagizo ya kuunda mashine mpya yamo kwenye kitabu kilekile, na wa kuyasoma ni mashine ileile.

Usafi unageuka ubomoaji.

Na kwa nini mgonjwa anapata nafuu? Kwa sababu nakala za zamani bado zipo, na protini zilizoundwa jana bado zinafanya kazi. Ini linaishi kwa akiba. Akiba ikiisha, ndipo utajua.

Mama alikuwa ananiangalia huku anakunywa chai. Alikuwa anakula akiba.

Nikasema hatoki. Tonton akasimama mlangoni, mkoba wa mama begani.

"Maman iko muzima. Weye unataka kumulaza ju ya diplome yako?"

Nikamjibu kwamba ugonjwa umejificha, haujaondoka. Akawageukia wagonjwa wa vitanda vya jirani awafanye mahakama: "Musikie. Mutu anakunywa chai, anasema anakufa."

Watu wakacheka. Hata mama. Akanishika mkono: "Mwanangu, niko muzuri. Niache nikwende, kuku zangu haziko na mutu."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi ya siku yoyote maishani. Ningekuwa nimekosea, ningekuwa kichekesho cha familia mpaka kaburini. Ningekuwa sahihi, mama alikuwa anakufa huku anatabasamu.

Nilimfuata daktari wa zamu, mwanamke mdogo kwa umri ila masikio yake yanasikia. Hakunicheka. Aliuliza mambo mawili tu: alikula saa ngapi, alianza kuumwa saa ngapi. Akaagiza vipimo vya ini, akafuta ruhusa ya kutoka.

Nilipima damu ile mwenyewe, kwenye labo, maabara ninayofanyia kazi. Mashine ilikataa kutoa jibu. Waliokaa labo wanajua maana yake: kiwango kimepita uwezo wake. Ikabidi nizimue sampuli kwa maji ya chumvi ndipo isome.

Nilikaa nikaitazama ile karatasi. Seli za ini la mama zilikuwa zinapasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Na mwenye damu yuko wodini anasimulia habari za kuku.

Dawa ya kuing'oa sumu hiyo hatukuwa nayo. Daktari alitumia kilichopatikana: mkaa wa hospitali wa kunywesha, maana sumu hutoka kwenye nyongo na kurudi tena tumboni, maji mengi ya dripu, penisilini kwa dozi kubwa. Kisha tukasubiri. Sijui kama mmewahi kusubiri kitu ambacho mnajua kabisa kinakuja.

Jumatano mchana macho yakawa ya njano. Jioni akaniita kwa jina la baba, ambaye alishafariki. Alhamisi fizi zikaanza kutoa damu, na pale sindano ilipoingia hapakufunga. Akiba imeisha. Protini za kugandisha damu huundwa na ini, na ini halikuwa na wa kulisomea.

Tonton alikaa kwenye benchi, mkoba wa mama bado mapajani.

Daktari akasema inatakiwa damu mbichi, ya kutolewa sasa hivi, yenye protini za watu wenye ini zima. Mama ni kundi O, kwa hiyo O tu. Mimi, mwenye diploma, niliyejitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu, ni A, nimeichukua kwa baba. Nsimire ana mimba. Chupa zangu zote za labo hazikuwa na kitu cha kumsaidia mama.

Tonton ni O. Ilinibidi niende nikasimame mbele ya lile benchi.

Nikaanza kueleza mambo ya makundi ya damu. Akanikatiza.

"Unaogopaka sindano tangu ukiwa mutoto. Ni kweli?"

Nikakubali. Wakuu, nadunga watu kutwa nzima, lakini mimi nikidungwa naanguka. Familia yote inajua.

Akakunja shati. "Basi damu yangu siyo zawadi. Ninakukopesha. Utalipa, na utatoa weye mwenyewe, pa mukono yako."

Akapiga simu. Wakaja watatu: katekista, fundi viatu, na dereva wa pikipiki. Nyuso nilizifahamu. Ndio waliocheka ile siku ya ubatizo mpaka bia ikamwagika. Wote O. Yule dereva wa pikipiki akaniambia wakati anasubiri zamu yake: "Nami utanirudishia, Docteur Gunia."

Nikagundua hilo ndilo jina langu mtaani.

Siku mbili zilizofuata sitazisimulia sana. Damu ilifunga, ikavuja tena, ikafunga. Niliupima usingizi wa mama kwa kumgusa vidole, nione kama atashtuka. Kisha asubuhi moja akaniita kwa jina langu mwenyewe, akauliza kwa nini nimekonda.

Daktari alinieleza tena kile nilichokijua, lakini safari hii nilikuwa nalia: seli zilizosalia zilipoepukana na sumu, mashine chache zilizopona zilianza kusoma, zikaunda wenzao, na ini likajijenga upya kutokana na hizo. Labo kubwa ya kuthibitisha aina ya uyoga hatukuipata, daktari alihukumu kwa dalili. Nawaambia ukweli jinsi ulivyo.

Deni nililipa kwenye benki ya damu, kila niliporuhusiwa kutoa tena. Damu yangu ilikwenda kwa watu nisiowajua. Mara ya kwanza nilizimia. Mara ya pili nilizimia. Kila nikimaliza nampigia mmoja: leo yako nimelipa. Katekista, fundi viatu, dereva wa pikipiki.

Ya Tonton niliiacha mwisho. Siku hiyo sikuzimia, andikeni hilo. Nilitoka nje nikiwa na pamba mkononi, nikamkuta Tonton amesimama kwenye lami, jasho linamtiririka, gunia la mkaa kichwani, na mama yuko nyuma yake anamwamuru asilishushe mpaka wafike juu kabisa ya Kadutu, kama alivyoapa.

Nilichojifunza: mgonjwa akipata nafuu ghafla, ulizeni alikula nini na saa ngapi kabla ya kuita teksi. Konokono akila uyoga, amekula kwa tumbo lake, si kwa lenu. Na chini ya mti mgeni msichume hata kama mnaujua uyoga kama watoto wenu. Mama mwenyewe hajakanyaga tena kwenye ile misonobari, na mimi bado nikimwona anakunywa chai namtazama macho yake kwanza.

Waliopitia kitu kama hiki, au wenye uyoga wanaoutilia shaka huko kwao, semeni hapa chini. Na O wote mliomo humu, jitambulisheni.